Nusu Saa ya Protase

Kaisho, 3 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Protase,

Nakusalimu wewe, mkeo Kokuhirwa na Evelyn. Mimi mzima. Mvua imeanza huku, na Niyomugabo anayenisaidia shambani amemaliza kupanda maharage upande wa juu.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara sita. Mara tatu umesema, "Dada, dakika moja," ukakata. Mara mbili umenisahau sikioni, nikabaki nasikiliza unavyobishana na wateja juu ya mbegu. Mara ya sita alipokea mtu nisiyemjua, akasema, "Katibu yuko kwenye kikao." Nikaona bora niandike, nimpe Telesfori dereva wa Noah akuletee. Barua huwezi kuikatia.

Sina jambo kubwa. Kesho Nolasco anatimiza mwaka tangu afariki. Misa ni saa moja asubuhi hapa kwetu. Najua hutapata nafasi, na sikulaumu. Ila juzi nilikuwa nafua mashuka nikakumbuka alivyokuwa anakula. Alikula amesimama, funguo za lori mkononi. Nikimwambia, "Kaa basi, baba," ananijibu, "Nitakaa nikirudi." Miaka kumi na minne ya ndoa sikumbuki kumwona akimaliza chai yake ikiwa bado ya moto. Mwishowe alisinzia kwenye usukani na ndizi za watu nyuma yake, mchana kweupe, barabara imenyooka.

Na wewe Pasaka nilikuona unakula umesimama.

Dada yako,
Celestina


Nyaishozi, 9 Septemba 2023

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma nimeketi. Kokuhirwa ni shahidi.

Nimeumia kuikosa Misa ya shemeji. Siku ile nilikuwa na watu wa mbegu tangu alfajiri, mchana kikao cha chama cha kahawa, jioni kamati ya ujenzi wa kigango, na usiku mazoezi ya kwaya, maana mwalimu wa kwaya amehama na nani mwingine atashika. Juzi tukiwa kwenye Rozari simu iliita, nikapokea, nikasema, "Salamu Maria, subiri kidogo." Watu walicheka mpaka mama mmoja akatoka nje. Sasa hata watoto wakitumwa chumvi dukani wananisalimia hivyo hivyo: "Salamu Maria, subiri kidogo!"

Cheka na wewe. Lakini kwa kuwa ni wewe, nitakwambia na mengine. Naamka asubuhi taya zimekaza kama mtu aliyetafuna mawe. Nikizungumza na mtu mmoja nawaona watatu nyuma yake wanaosubiri, hata kama hawapo. Wiki iliyopita niliwasha pikipiki nikaenda mpaka njia panda, nikasimama, sikujua nilikuwa nakwenda wapi. Sijui ni lini mara ya mwisho nilisali nikiwa nasali kweli.

Sasa nifanyeje, dada? Watu wanakuja. Siwezi kuwafukuza.

Mdogo wako,
Protase


Kaisho, 14 Septemba 2023

Mpendwa Protase,

Habari ya njia panda imeninyima usingizi. Nolasco naye mwezi mmoja kabla ya kufa alipita nyumbani kwetu na lori lake, akaenda kama kilomita mbili ndipo akashtuka. Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Sikiliza, na safari hii unitii kama ulivyokuwa ukinitii mama alipokuwa sokoni. Sista aliyetuendeshea mafungo ya wajane alitufundisha hivi. Tafuta chumba kimoja. Ingia saa kumi na moja alfajiri kabla watu hawajaamka. Zima simu, siyo kuiweka kimya, izime. Funga mlango, ziba na chini yake, sauti za nje zisikufikie. Kaa nusu saa. Usipange chochote, usimwombe Mungu chochote. Kaa naye tu kama unavyokaa na mtu mliyezoeana.

Na Dominika usifungue duka. Simu izimwe tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu.

Mimi nafanya hivi kila asubuhi na imenisaidia sana. Nimekwisha kumzika mtu mmoja wa haraka. Usinipe wa pili.

Dada yako,
Celestina


Nyaishozi, 24 Septemba 2023

Dada, shikamoo.

Leo ni Dominika, duka limefungwa, na nakuandikia nimekaa kwenye kiti. Kokuhirwa amenipigia makofi.

Chumba nimepata. Nyumbani haikuwezekana, Evelyn anaamka na majogoo. Nimechukua ile stoo ya maharage nyuma ya duka. Unaijua, nilipoijenga nilikataa dirisha kwa ajili ya wezi, na nikapiga lipu ndani yote panya wasipate upenyo. Magunia yamepangwa mpaka juu pande tatu, yanameza sauti yote. Chini ya mlango nimekunja gunia nikalisukumia kama ulivyosema. Dada, kuna ukimya humo ambao sijawahi kuusikia. Hata lori la mchanga likipita barabarani, nalisikia kama liko wilaya nyingine.

Baridi tu ndiyo ilinishinda siku mbili za kwanza. Unajua ukungu wa huku alfajiri. Siku ya tatu nikaingia na jiko la mkaa. Usiogope, nalikoleza nje mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu kabisa, ndipo naliingiza. Hapo ndipo nilipojua kusali. Mwili unalegea taratibu, mawazo yanakuwa mbali, yale mambo ya kamati yanayeyuka. Juzi nilikusudia nusu saa, nikakaa saa nzima na robo bila kujua.

Nikitoka kichwa kinagonga kidogo na miguu inakuwa mizito, lakini nikinywa chai inapita.

Asante. Laiti ningekusikia mapema.

Protase


Kaisho, 29 Septemba 2023

Mpendwa Protase,

Nimesoma barua yako mara nne, na mara ya tano nimemsomea Niyomugabo ile sehemu ya Kokuhirwa kukupigia makofi. Tumecheka sana.

Kichwa kisikutishe. Huo ni uchovu wa miaka unatoka. Nguo iliyolala na uchafu muda mrefu, siku ukiiloweka maji yanakuwa meusi kwanza. Endelea. Ukiona nusu saa haitoshi, kaa saa nzima. Nimekununulia blanketi zito, nitalituma kwa Telesfori, ujifunike miguu.

Sasa nalala vizuri nikijua kuna mahali unapumzika.

Dada yako,
Celestina


Nyaishozi, 11 Oktoba 2023

Wifi, shikamoo.

Ni mimi Kokuhirwa. Samahani, sijazoea kuandika, ila Protase simu yangu anaisikia nikizungumza, na sitaki asikie.

Wifi, sielewi haya maombi. Nilifurahi mwanzoni. Sasa anakaa humo saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Jana alitoka akashika ukuta. Uso mwekundu, macho kama ya mtu aliyekunywa rubisi tangu jana yake. Akatapika nyuma ya choo. Nikamwambia, "Baba Evelyn, twende zahanati," akanijibu kwa upole, "Mama, hujui ninakotoka." Hakuwa hivyo. Zamani angenifokea, na ningejua ni yeye.

Majirani wana maneno mawili. Mama Evangelina anasema ni Roho amemshukia. Wengine wanasema stoo ina mambo, maana paka aliyekuwa anakamata panya humo tumemkuta amekufa na hana jeraha.

Sasa Evelyn naye anataka kuingia na baba yake. Protase amemwahidi Dominika ya tarehe 22. Amemshonea na kamto ka kukalia. Mtoto anahesabu siku.

Wewe anakusikiliza. Mwambie apunguze. Mimi nikigonga mlango ananiambia namtoa kwa Mungu.

Wifi yako,
Kokuhirwa


Kaisho, 15 Oktoba 2023

Mpendwa wifi Kokuhirwa,

Nimekuelewa, na sikukasirikii. Mke anayemwona mume wake kila siku anaogopa mabadiliko hata yakiwa mazuri. Lakini fikiria alivyokuwa. Ulitaka nani, yule wa kuwasha pikipiki asijue anakwenda wapi? Mimi niliishi na wa namna hiyo, na leo namfulia mashuka ambayo halalii.

Paka wanakufa, wifi. Wanakula panya waliokula sumu za majirani zako huko. Na kutapika, pengine anafunga bila kukwambia.

Nakuomba sana, usimgonge mlango. Hata akichelewa, usimgonge. Kaa nje, msubiri, atatoka mwenyewe. Na Evelyn mwache aingie. Laiti watoto wote wangefundishwa kutulia wakiwa na umri huo.

Dada yenu,
Celestina


Kaisho, 21 Oktoba 2023, jioni

Kokuhirwa,

Usisome barua hii mpaka mwisho. Nenda ukafungue mlango wa stoo sasa hivi. Ukiwa umefungwa kwa ndani, vunjeni. Mtoe Protase nje kwenye hewa na jiko litoke. Evelyn asiingie.

Ni mkaa. Mkaa bila moshi katika chumba kilichozibwa unaua. Simu ya Protase ameshaizima kwa ajili ya Dominika, na yako haipatikani, nafikiri umeme umekatika kwenu kama huku. Nimepiga mpaka yangu imekwisha chaji. Niyomugabo anakuja na barua hii kwa pikipiki, mapema kadiri njia itakavyoruhusu. Mvua imeharibu barabara.

Nilichokuandikia tarehe 15 kifute. Gonga. Gonga mlango, wifi.

Celestina


Kaisho, 12 Novemba 2023

Mpendwa wifi Kokuhirwa,

Nilikaa na wewe siku tisa pale hospitali, tukabadilishana kumgeuza Protase na kumlisha uji kwa kijiko, na sikuweza kusema. Kila nilipofungua kinywa ulinipa pole wewe kwanza. Kwa hiyo naandika.

Uliniuliza nilijuaje. Ilikuwa Jumamosi ile. Niyomugabo alikuwa anapunguza majani makavu kwenye migomba, nami nikaanza kujisifu. Nikamwambia, "Ndugu yangu siku hizi ni mtu wa sala kuliko mapadri. Anajifungia stoo na jiko lake, hata mke wake anaogopa."

Akasema, "Na jiko lake?"

"Baridi ya Nyaishozi huijui wewe."

"Mama, dirisha liko upande gani?"

Nikamwambia halina. Akaweka panga chini. Akauliza, "Kichwa kinamuuma?" Hakungoja nijibu.

Akasema, "Mama, nimechoma mkaa miaka kumi na mmoja. Wenye moshi haukuui, unakukohoza unatoka nje. Moshi ukiisha ndipo uogope. Kaka yangu na mke wake walilala na jiko msimu wa mvua. Tuliwakuta asubuhi wamefunikana vizuri, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka jua kali. Tukadhani wanatutania."

Nilikuwa nimemsomea barua ile, wifi. Nilimsomea ya makofi tu. Ningemsomea mistari mitano zaidi, angejua mwezi Septemba.

Sasa nakwambia lile ambalo hujui. Kuziba chini ya mlango nilimwambia mimi. Saa ya kuingia niliichagua mimi, na kuzima simu pia. Aliponiandikia kichwa kinamgonga, nikamjibu akae saa nzima. Na wewe uliponililia nikakuandikia usimgonge. Niyomugabo ameniambia alivyokukuta saa mbili ile asubuhi, kabla hamjamtoa Protase. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa stoo, unachambua maharage, unamsubiri, kwa sababu nilikwambia usubiri.

Jambo moja tu hukunisikia. Evelyn ulimpeleka kwa mama yako tangu Jumamosi, ukamdanganya kwamba bibi anaumwa. Ungenisikia na hilo, tungekuwa tumezika.

Na lingine dogo, lakini linaniuma kama hayo. Nilimwambia Protase kwamba mimi nakaa kimya kila asubuhi. Ulikuwa uongo. Tangu Nolasco afe sijawahi kukaa kimya hata dakika tano. Naamka nafagia ua uliokwisha fagiwa, nawasha redio, nafua mashuka safi. Nilimtuma mdogo wangu mahali ambapo mimi mwenyewe naogopa kwenda.

Sitaki unijibu haraka. Ukitaka usinijibu.

Celestina


Nyaishozi, 20 Januari 2024

Shangazi, shikamoo.

Ni mimi Evelyn. Sasa niko darasa la sita. Mama amesema nikuandikie mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Baba alitoka hospitali kabla ya Krismasi. Anatembea, ila anaburuta mguu wa kushoto. Anakula vizuri, tena anakula ameketi, mpaka umwambie chakula kimekwisha. Asubuhi tunampeleka kwenye kiti kibarazani, na jioni tunamkuta hapo hapo. Simu yake ikiita anaitazama tu. Siku moja aliniambia, "Mwambie mwenye simu inaita." Watu wanakuja kumwona, wanasema, "Katibu ametulia kweli." Wakitoka mama anaingia chumbani.

Duka anasimamia mjomba Polikarpi. Stoo mama ameiitia mafundi, wametoboa madirisha mawili makubwa bila kujali wezi.

Jina langu baba analijua asubuhi. Mchana ananiita "wewe binti." La mama analijua siku zote. Mambo mengine hayajui. Wiki iliyopita nilimsomea barua zako za zamani, alizoziweka kwenye kopo la biskuti. Alisikiliza zote amefumba macho. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyu Celestina ni nani?" Nikamwambia ni dada yake. Akasema, "Anaonekana mtu mzuri. Ana wasiwasi sana."

Barua yako kwa mama yeye ameiweka kwenye kitabu chake cha nyimbo. Anaisoma, halafu anairudisha. Nilimuuliza kama amekukasirikia. Amesema, "Ndiyo." Halafu amesema, "Lakini mwambie aandike, umsomee baba yako. Labda sauti ya nyumbani kwao itamrudisha."

Kwa hiyo uandike, shangazi. Nitasoma polepole.

Evelyn Protase


Kaisho, 4 Februari 2024

Mpendwa Protase,

Anayekusomea ni Evelyn, binti yako. Aliyeandika ni mimi, Celestina. Tumezaliwa watoto wawili, mimi kwanza, wewe miaka minne baadaye, Muleba, nyumba ya bati yenye mti wa mparachichi upande wa jikoni. Tata, baba yetu, alikuwa fundi cherehani. Mama aliuza samaki wakavu.

Nitakwambia mambo machache kila wiki. Usijilazimishe. Yakija yaje.

Ulipokuwa na miaka mitano uliwakamata senene, ukawaficha mfuko wa kaptula ukaenda nao kanisani. Katikati ya mahubiri wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mmoja akatua kwenye kilemba cha mama mkubwa. Tata alikuwa anakaza uso asicheke, mabega yanamtetemeka. Ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Celestina, sema ni wa kwako." Nikasema ni wa kwangu. Nilichapwa fimbo mbili, na jioni ukaniletea nusu ya muhogo wako.

Ulikuwa huwezi kulala mpaka nikuhesabie vidole. Nikifika cha saba unasinzia. Sijawahi kufika kumi.

Siku ya harusi yangu ulikataa kuondoka kwenye gari. Ulikuwa kijana mwenye ndevu tayari, lakini ulikaa kiti cha nyuma umeshika sanduku langu, ukasema utashuka tukifika Kaisho. Nolasco akasema, "Mwache, tumechukua wawili." Ulikaa nasi wiki mbili. Ulichimba shimo la choo ambalo tunalitumia mpaka leo.

Nakuombea, Protase, lakini sikuombei tena kwa maneno mengi. Asubuhi nafungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita, nakaa katikati kwenye mkeka. Redio nimempa Niyomugabo. Siku ya kwanza niliinuka mara tisa. Leo nimeinuka mara mbili. Ukimya una watu ndani yake, hilo sikukwambia kwa sababu sikulijua. Nolasco yumo, na mama, na wewe yule wa zamani, mnanitazama. Naogopa, lakini nakaa. Ni haki yenu nikae.

Kokuhirwa kama yuko karibu anasikia, asiondoke. Wifi, sidai kitu.

Evelyn, mwanangu, ukimaliza kusoma usimuulize kama amenijua. Mpe chai yake ikiwa ya moto, mkae wote kibarazani.

Na wewe mdogo wangu, itakapotokea siku moja, hata kama ni kwa muda mfupi tu, nakuomba unikumbuke.

Dada yako,
Celestina